Mwanafunzi wa LGBT akionewa shuleni, anzeni na daftari

Malalamiko mengi ya uonevu wa wanafunzi wa LGBT, yaani wanaopenda jinsia moja au zote mbili na waliobadili jinsia, hufia ofisini kwa sababu yalisemwa kwa mdomo tu. Mzazi alimvuta mwalimu pembeni, mwalimu akaitikia "tutalishughulikia", yakaishia hapo. Muhula unaofuata mkuu wa shule anasema hakuwahi kuambiwa, na hakuna wa kumbishia.

Kwa hiyo tafuteni daftari. La kawaida tu, ila kurasa zitiwe namba, na likae kwa mtu mzima anayeaminika, lisitembee kwenye begi la shule. Kila tukio liandikwe siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali hasa, nani alifanya, nani aliona, na kilichosemwa, neno kwa neno. Wengi huharibu hapo kwenye maneno. Wanaona haya kurudia tusi, wanaandika "walimtukana". Shule ikisoma hivyo itasema ni utani wa watoto. Tusi lenyewe likiwa kwenye karatasi ndilo linaloonyesha kwamba huu si ugomvi wa kawaida, ni ubaguzi.

Badala ya "wamemsumbua tena leo", andika hivi: "Jumanne tarehe 12, saa 4:20 asubuhi, ngazi za kwenda maabara. Wavulana wawili wa darasa lake walimziba njia. Mmoja alimwita msagaji mara tatu, mwenzake akampokonya begi. Mwalimu wa zamu alipita, akasema 'acheni kelele', akaondoka." Sentensi ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, maana inathibitisha kuwa shule ilijua.

Uzito wa kujua ulionekana Marekani mwaka 1996, katika kesi ya Nabozny dhidi ya Podlesny. Jamie Nabozny alipigwa na kudhalilishwa kwa miaka shuleni huko Wisconsin kwa kuwa ni shoga, na yeye na wazazi wake walikwenda kulalamika mara kwa mara. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubali kwamba viongozi wa shule wanaweza kushtakiwa kwa kutomlinda kama walivyowalinda wanafunzi wengine. Kesi iliishia kwa fidia ya zaidi ya dola 900,000.

Lakini sheria si moja kila mahali, na kuna nchi ambako kumtaja mtoto kuwa ni LGBT kwenye barua rasmi ni kumtia hatarini zaidi. Huko barua ieleze kitendo peke yake: amepigwa, amepokonywa, ametishiwa. Kunukuu tusi la mchokozi si kukiri chochote, lakini mwulize mwanafunzi kwanza kama anataka neno hilo liingie kwenye barua. Kudai mtoto asipigwe hakuhitaji maelezo ya yeye ni nani.

Barua yenyewe ukurasa mmoja unatosha: kilichotokea, mnachotaka kifanyike, na siku ya kujibiwa, tuseme siku 10 za masomo. Nakala mbili, moja isainiwe kwamba imepokelewa. Kimya kikizidi, pandeni kwenye bodi ya shule, kisha ofisi ya elimu, mkiambatanisha nakala ileile.

Uonevu ukifanyika kwenye simu, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, pamoja na ujumbe uliotangulia na uliofuata. Usijibu. Ikiwa kinachosambazwa ni picha ya utupu ya mtoto, usiihifadhi wala kuituma kwa yeyote, hata kama ushahidi, kwani hilo laweza kuwa kosa la jinai kwako. Andika akaunti na saa, kisha utoe taarifa.

Walimu nao wana makosa yao, na la kwanza ni kumpatanisha aliyeonewa na mchokozi. Kuwakalisha wawili uso kwa uso na kushikana mikono hufaa kwa waliogombana wakiwa sawa. Anayeonewa hutoka hapo akijua kuwa kushtaki kunaongeza kipigo. Kosa jingine ni kumhamisha darasa aliyeonewa na kumwacha mchokozi kwenye kiti chake. Baya kuliko yote ni kupiga simu nyumbani na kumwaga kila kitu. Kuna watoto wamefukuzwa nyumbani kwa simu moja ya mwalimu mwenye nia njema. Kabla ya kuinua simu, mwulize mwanafunzi: "Nyumbani wanajua nini?"

Mpe pia karatasi achore ramani ya shule na atie alama pale anapopaogopa, na saa zake. Mara nyingi zitaangukia vyooni, vyumba vya kubadilishia nguo, ngazi na basi la shule, katika dakika ambazo hakuna mtu mzima. Zamu za walimu zipangwe kufuata ramani hiyo. Choo cha mtu mmoja chenye kufuli kinasaidia sana, ila kiwe wazi kwa wanafunzi wote. Kikiwa chake peke yake, kitaitwa kwa jina lake kabla ya wiki kwisha.

Wiki mbili za kwanza baada ya malalamiko ndizo za kulipiziwa kisasi. Mtu mzima mmoja, aliyechaguliwa na mwanafunzi mwenyewe, amwone kila siku mbali na macho ya wenzake. "Uko salama?" hujibiwa "ndiyo" hata kama si kweli. Mwulize kama leo amekunywa maji: anayeogopa choo hashiki chupa mpaka afike nyumbani.