Maswali ya Wasomaji: Prosesa Iko Macho au Imelala?

SWALI: Mhariri, nilinunua kipakatalishi cha mitumba pale Luthuli Avenue, prosesa yake Core i5-6300U, nikaweka Ubuntu 22.04. Nikikichomeka kwenye stima kinakuwa kizito kama kimebeba gunia. Nikichomoa chaja kinachangamka. Chaja ikiwa ndani, amri ya `grep MHz /proc/cpuinfo` inanipa 400 kila mstari. Bila chaja namba zinarukaruka, mara 800, mara 2,700, na sijafungua programu yoyote. Niamini zipi? — Msomaji, Umoja

JIBU: Hiyo 400 iamini. Zinazorukaruka usizipe uzito, kwa sababu amri yenyewe ni kazi: ukiitoa unaamsha kiini (kitengo cha prosesa kinachofanya kazi) kilichokuwa kimelala, kisha unasoma kasi ya kiini kilichoshtuka. Kasi peke yake haikwambii kitu mpaka ujue kiini kilikuwa macho kwa muda gani.

Chombo kinachopima yote mawili ni turbostat:

`sudo apt install linux-tools-common linux-tools-generic`
`sudo modprobe msr`
`sudo turbostat --quiet --interval 5 --show Core,CPU,Avg_MHz,Busy%,Bzy_MHz,PkgTmp,PkgWatt`

Ikilalamika kwamba haipo kwa kerneli (moyo wa Linux) yako, toleo la vifaa na toleo la kerneli vimepishana. Sakinisha `linux-tools-$(uname -r)`.

Kila sekunde 5 utapata jedwali jipya. Mstari wa juu, wenye vistari badala ya namba ya kiini, ni wa chipu nzima. Busy% ni sehemu ya muda ambao kiini kilikuwa macho. Bzy_MHz ni kasi yake kilipokuwa macho. Avg_MHz ni wastani, muda wa kulala ukiwemo. Kiini kikikimbia kwa 2,400 lakini kiwe macho asilimia 5 tu, Avg_MHz itaandika 120, na hapo wengi hushtuka bure wakadhani mashine imekufa.

Sasa ipe mzigo. Chipu yako ina viini 2 na nyuzi 4 (kila kiini kinabeba kazi mbili kwa pamoja), kwa hiyo fungua terminali ya pili:

`for i in 1 2 3 4; do timeout 60 sha256sum /dev/zero & done`

Kasi yake ya kawaida ni GHz 2.4, na turbo, yaani kasi ya nyongeza, inafika 3.0. Busy% ikipanda hadi 99, Bzy_MHz inapaswa kukaribia 2,900. Ikibaki 400 huku Busy% ni 99, kuna kitu kinachoishikilia. Tazama PkgTmp, yaani joto la chipu kwa nyuzi za Selsiasi. Ikicheza karibu na 100, ni joto: vumbi kwenye feni, au pesti kati ya chipu na bamba la shaba imekauka. Ikiwa 45 huku kasi imekwama 400, joto halihusiki.

Na kwa kuwa kwako tatizo linaondoka ukichomoa chaja, mshukiwa ni chaja yenyewe. Vipakatalishi vingi vya ofisi husoma utambulisho wa chaja kupitia sindano nyembamba iliyo katikati ya plagi. Sindano ikipinda, waya wake ukikatika, au chaja ikiwa ya kuigiza, bodi haijui ni ya wati 45 au 65. Kwa tahadhari inapeleka ishara iitwayo PROCHOT, na prosesa inashuka hadi kasi ya chini kabisa, ambayo kwa chipu hii ndiyo hiyo 400. Mara nyingi betri nayo inakataa kuchaji. Azima chaja halisi yenye wati zinazotakiwa, urudie jaribio la sekunde 60 kabla ya kumlipa fundi yeyote. Ziko programu za kuzima ishara hiyo. Hatuzipendekezi, maana chaja dhaifu ikibeba mzigo kamili inachemka.

Kabla ya kununua chaja, muulize gavana pia, na si wa kaunti, bali kanuni ya Linux inayoamua prosesa ikimbie kasi gani:

`cd /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq`
`cat scaling_driver scaling_governor scaling_max_freq`

Namba ya mwisho iko kwa kHz, yaani 3000000 ni GHz 3.0. Kiendeshi (scaling_driver, programu inayotekeleza kasi hiyo) kikiwa intel_pstate, gavana powersave bado anapandisha kasi kazi ikija, kwa hiyo mwache. Kiendeshi kikiwa intel_cpufreq au acpi-cpufreq, jinsi ilivyo kwenye mashine nyingi za kizazi cha 4 na 5, neno lilelile powersave linamaanisha kufungwa kwenye kasi ya chini daima. Wengi wamenasa hapo kwa kunakili maagizo ya mashine nyingine. Tiba ni `sudo cpupower frequency-set -g schedutil`.

SWALI: Betri inaisha haraka hata kompyuta ikikaa bure. htop inaonyesha prosesa inatumia asilimia 2 tu. Umeme unakwenda wapi? — Msomaji, Kasarani

JIBU: Kukaa bure si sawa na kulala fofofo. Andika `cpupower idle-info` uone ngazi za usingizi, zinazoandikwa C na namba: namba ikiwa kubwa, usingizi ni mzito. Kwenye chipu za kizazi cha 6, kuamka kutoka C1 huchukua maikrosekunde 2, kutoka C6 huchukua 85, na C10 huchukua 890. Usingizi ukiwa mzito, umeme unapungua lakini kuamka kunachelewa.

Ukiona C1 peke yake, soma `cat /proc/cmdline`. Huenda mwenye mashine aliyekutangulia aliweka `intel_idle.max_cstate=1`, dawa ya zamani ya chipu za Bay Trail zilizokuwa zikiganda. Iondoe kwenye /etc/default/grub, endesha `sudo update-grub`, uwashe upya.

Ngazi zikiwa kamili, endesha turbostat bila `--show`, usiguse kibodi kwa dakika moja, kisha linganisha CPU%c7 (usingizi mzito wa viini) na safu za Pkg%pc (usingizi wa chipu nzima). CPU%c7 ikiwa juu ya 90 huku Pkg%pc8 na zinazofuata ni 0.00, viini vimelala ila chipu nzima imekeshwa na kifaa cha pembeni. Chomoa modemu ya USB, upime tena. Kisha angalia diski:

`cat /sys/class/scsi_host/host*/link_power_management_policy`

Ikijibu max_performance, jaribu med_power_with_dipm. Powertop nayo, kwenye ukurasa wa Tunables, itakuonyesha vifaa vingine vilivyoandikwa Bad. Geuza kimoja kimoja ukipima. Chaguo la `--auto-tune` hugeuza vyote kwa mkupuo, halafu kipanya cha USB kinaanza kusinzia katikati ya kazi.

SWALI: turbostat inakataa kwenye seva ninayokodi. — Msomaji, Ngara

JIBU: Hiyo ni mashine pepe, yaani kipande cha seva kubwa kinachojifanya kompyuta kamili, rejista za chipu ni za mwenye nyumba, na namba ya MHz unayoiona haibadiliki hata chipu ikipunguza kasi. Tumia `vmstat 5`, usome safu ya st: ndiyo asilimia ya muda ambao ulitaka prosesa, ikapewa mpangaji mwingine.