Mfuko wa mafuta kwenye boti: wa kubebea, si wa kuwekea akiba

Ukitaka kwenda mbali kuliko tangi la boti linavyoruhusu, una madumu au mfuko laini wa mafuta. Mimi niliachana na madumu kwa sababu ya nafasi. Dumu tupu linakula nafasi ileile ya dumu lililojaa, na wakati wa kurudi mnapishana nayo sitahani. Mfuko ukiisha unakunjwa na kusukumwa chini ya kiti.

Ila usiuchukulie kama tangi. Lita 100 za petroli zina kilo 74 hivi, za dizeli kilo 84 hivi, na uzito huo unahama. Boti ikilalia ubavu mmoja, mafuta nayo yanakimbilia hukohuko na kuilaza zaidi. Kwa hiyo mfuko wangu huukalisha chini kabisa, katikati ya boti, kamwe si juu ya paa wala nyuma kabisa penye injini. Kabla ya kung'oa nanga nausukuma kwa kiganja. Ukichezacheza, bado haujafungwa.

Kamba moja ya kupita juu haitoshi. Tumia mikanda mipana, iliyoshikwa kwenye pete zilizofungwa kwa bolti, na uikaze upya kila mafuta yanapopungua, maana mfuko hunywea na mikanda hulegea. Chini yake tandika mpira laini, lakini kwanza papasa sitaha yote kwa mkono: kichwa cha skrubu, ndoana iliyosahaulika, chembe za mchanga. Mifuko mingi haichanwi kwa siku moja. Inalika taratibu kwa kusuguliwa. Angalia pembe, mishono na pale mkanda unapopita. Ukiona nyuzi za kitambaa zimeanza kujitokeza, mfuko huo usiutie mafuta tena, hata kama hauvuji.

Wakati wa kujaza, zima injini na uwashushe watu wote wasiohusika. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa hadi chini kabisa ya boti na kukaa humo ukisubiri cheche. Mdomo wa bomba uguse shingo ya mfuko muda wote, na mafuta yaingie polepole, kwa sababu mafuta yanayokwenda kasi huzalisha umeme tuli. Usitegemee bomba likate lenyewe. Kisha toa hewa yote kabla ya kufunga kifuniko, maana hewa ndiyo inayoyapa mafuta nafasi ya kusukasuka. Usiujaze hadi ukakamae: petroli hutanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto, hivyo lita 200 za alfajiri zikipata moto kwa nyuzi 20 juani, zinakuwa kama lita 204.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: mafuta ya mfuko yatumike kwanza. Tangi likipata nafasi ya kutosha, na bahari ingali tulivu, hamishia humo kwa pampu ya mkono na chujio. Wapo wanaotunza mfuko kwa ajili ya kurudia, nami sikubaliani nao hata kidogo. Hali ikichafuka jioni, nani atahamisha petroli boti ikiyumba? Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba; na hiyo akiba ikae tangini.

Nyumbani, mfuko ukae mtupu, mkavu na mbali na jua. Mafuta ya kuweka wiki kadhaa yana vyombo vyake vigumu. Na kabla ya kununua, hakikisha umetengenezwa kwa mafuta unayotumia, hasa kama petroli yako imechanganywa na ethanoli, kwa sababu si kila mpira unaihimili. Mfuko wa maji ya kunywa usiutie mafuta hata kwa dharura: unaweza kulainika na kuachia kwenye mishono.