Uliniuliza ninamlilia nani

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Muheza. Sisi hatujambo, mvua zimeshuka vizuri na michungwa imebeba.

Swali lako nimekaa nalo wiki tatu. Ulinitumia ile video ya vijana wanaocheza "gwo gwo gwo ngwo" ukidhani utanichekesha, halafu uliponipigia ukanikuta sauti imekauka. Ukasema: "Mama, wewe ni Mbondei. Hukuzaliwa Enugu, kule Nigeria kwa baba, hukukulia Enugu. Unamlilia nani?" Nikakwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika. Sikuwa na jibu la kukupa kwa mdomo, ndiyo maana naandika.

Kwanza nikueleze kile ulichonitumia. Anayeimba pale ni Mzee Mike Ejeagha, na wimbo ule ni wa mwaka 1983, wewe ukiwa na miaka miwili. Vijana waliuokota 2024 wakaucheza kama umetoka jana, na mwenyewe akawa hai kuona. Alifariki tarehe 6 Juni 2025, ana miaka 95. Nadhani hilo hukulijua. Mle ndani mna hadithi: mfalme anataka tembo aliye hai ndipo amwoze binti yake, na Kobe anamwendea Tembo na kumwambia ameteuliwa kuwa mwenyekiti wa sherehe. Tembo anafurahi na cheo, anafuata. Kobe anaimba njia nzima, gwo gwo gwo ngwo inaitikiwa, na mwenyekiti anacheza akielekea kule anakokwenda kuuzwa.

Kwa Kiigbo tembo ni enyi. Siku ya kwanza kuusikia wimbo huo nilikuwa jikoni kwa bibi yako, Enugu. Nilikuwa nimekwisha kukaa kule miaka mitano, Kiigbo cha sokoni nakisema, lakini sikio la Muheza halisahau. Mtu akiita "Enyi!" unageuka. Niligeuka. Bibi yako alicheka mpaka akakalia kinu.

Baba yako alikuja Tanga kufundisha hesabu mwaka 1974. Kwao Nyerere alikuwa jina la kutajwa kwa heshima, maana tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, ile nchi ya Waigbo iliyojitenga na Nigeria, wakati watu wake wamezingirwa na watoto wanakufa kwa njaa. Alisema alitaka kuiona nchi iliyowakumbuka. Akaiona, na mimi akaniona. Mwaka 1978 tukaenda kwao.

Tulishuka Lagos, tukapanda Peugeot ya abiria, Benin, Asaba, hadi daraja la Mto Niger. Upande wa pili ni Onitsha. Dereva alikuwa na kaseti moja tu na aliirudia tangu asubuhi: Sweet Mother ya Prince Nico Mbarga. Wimbo ule ulirekodiwa pale pale Onitsha kwenye studio ya Rogers All Stars, ukatoka 1976, na sidhani kama kuna nyumba Afrika Magharibi ambayo haukuingia. Aliyeuimba alizaliwa Abakaliki, baba Mkameruni na mama wa huko huko, mtoto wa nchi mbili kama wewe. Pijini ile sikuielewa, ila neno "mother" nililijua. Mama yangu nilikuwa nimemwacha kwenye stendi ya Muheza, ameshika ncha ya kanga mdomoni. Nililia kutoka darajani mpaka tunaanza kuviona vilima vya Udi, na baba yako hakusema kitu.

Lakini hata pale nilipokuwa nalia, mguu wangu ulikuwa unapiga sakafu ya gari. Hili nalitaka ulishike, ndilo mwanzo wa jibu. Magitaa yale niliyajua. Atomic Jazz walipokuwa wakipiga Tanga mjini, gitaa moja lilianza kidogo, la pili likalijibu, la tatu likapita katikati yao kama mtoto kati ya wazazi. Kule Onitsha na Owerri nikakuta mazungumzo yale yale. Baadaye baba yako alinieleza kwamba wapiga gitaa wa mashariki mwa Nigeria walikuwa wakisikiliza sana santuri za Kongo, na sisi huku je, si Kongo hiyo hiyo? Magitaa ya kwao na ya kwetu yalinyonya ziwa moja. Juu yake wao wakaongeza vya kwao: ogene, ile kengele ya chuma isiyo na ulimi, na kayamba wanayoiita ichaka, na tarumbeta kwa wale wa mtindo wa zamani kidogo.

Kwa hiyo nilikuwa ugenini, katika lugha nisiyoielewa, na chini ya lugha hiyo kuna sauti ya nyumbani. Hakuna kinachomtesa mgeni kama hicho, na hakuna kinachomtunza kama hicho.

Mwaka 1979 ilikuja barua ya mjomba wako. Ilichukua zaidi ya mwezi kufika. Aliandika habari za shamba, za mama, halafu chini kabisa: Mbaraka Mwinshehe amekufa kwa ajali ya gari Mombasa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimecheza nyimbo za Mbaraka tangu shule ya msingi, na nikajikuta niko mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja wa kumwambia "umesikia?" Enugu nzima hakuna aliyemjua. Msiba usio na mwenzio ni mzito, mwanangu.

Baba yako alitoka kazini akanikuta gizani. Akasoma barua. Hakuniambia nyamaza. Akatoa santuri ya Celestine Ukwu, mwimbaji wa kwao, ile yenye Ije Enu, akaiweka, akakaa chini sakafuni karibu yangu. Ndipo akaniambia kwamba Ukwu naye alikufa kwa ajali ya barabarani, Mei 1977, hata miaka arobaini hajafika, na kwamba siku ile alipopata habari alikuwa Tanga, na Tanga nzima hakuwa na mtu wa kumwambia "umesikia?" Nilikuwa mke wake tayari siku hiyo. Nakumbuka alirudi nyumbani kimya, nikadhani ni malaria. Hakunieleza kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Ije ni safari. Ije enu, safari ya maisha hapa duniani. Ukwu anaimba taratibu, hana haraka, kama mzee anayekushauri huku anamenya chungwa, na bendi yake aliiita Philosophers National kwa haki kabisa. Tuliisikiliza mpaka umeme ukakatika. Tulimlilia Mbaraka kwa Kiigbo na Ukwu kwa Kiswahili. Tangu usiku ule, mji ule haukuwa mgeni tena kwangu.

Sikudanganyi kwamba yote yalikuwa matamu. Kuna jamaa za baba yako waliokataa kabisa ndoa yetu. Mwimbaji Osadebe alipotoa wimbo wa Osondi Owendi mwaka 1984, maana yake kinachopendwa na huyu kinachukiwa na yule, shangazi yako mmoja aliniimbia usoni akicheka, na mimi nikaucheza mbele yake mpaka upande ule wa santuri ukaisha, na unajua upande mmoja wa Osadebe ulivyo mrefu. Baada ya hapo akaanza kuniita nwunye anyi, mke wetu. Kule mke ni wa ukoo mzima. Mwanzoni neno hilo lilinitisha, baadaye likawa ndilo jina langu.

Na niliokota mengine mengi. Ukijikwaa barabarani, mtu usiyemjua anakwambia "ndo". Ni pole ile ile ya kwetu, ya kumpa hata yule ambaye hukumwumiza wewe. Okpa ya asubuhi, imefungwa kwenye majani ya mgomba, bado inatoa moshi, muuzaji anaita "okpa di oku!" Nilipojua kwamba ni unga wa njugu mawe nilicheka peke yangu, maana mama yangu njugu mawe anazichemsha tu na chumvi, hakuwahi kuwaza kuzisaga. Desemba vumbi la harmattan, ule upepo mkavu wa jangwani, linashuka, midomo inapasuka, na barabara zote zinajaa watu wanaorudi vijijini kwa Krismasi. Kila gari lina Oriental Brothers. Bendi ile ilianza mara tu baada ya vita vya Biafra. Babu yako alikuwa na akiba benki kabla ya vita. Vilipoisha Januari 1970, alipewa pauni 20 kama wengine wote, haidhuru uliweka kiasi gani. Niliwahi kumuuliza baba yako watu waliwezaje kucheza wakati ule. Akasema, "Tulicheza kwa sababu hatukuwa na namna ya kuzungumza."

Tuliporudi Muheza 1987 mambo yakageuka. Sasa mgeni akawa yeye. Wewe unamkumbuka Jumapili baada ya kanisa: kiti chake chini ya mwembe, redio kaseti, na hataki kuongeleshwa. Mlidhani amekasirika. Mimi nilikuwa natoka na bakuli la njugu mawe nakaa chini karibu yake, bila kusema kitu, kama alivyonikalia mimi. Miaka ishirini na nne tulikaa hivyo.

Basi hili ndilo jibu langu. Nilipokuwa Enugu, nyimbo zile zilinipa hamu ya Muheza. Nikiwa Muheza zinanipa hamu ya Enugu. Hamu yenyewe ni moja, na ndani yake daima kuna mtu aliyekaa chini karibu yangu. Ulipotuma video yako, kabla sijaona hata sura za wale vijana, mkono wangu ulikwenda pembeni kumtafuta. Kaburi lake liko kwao, kwenye uwanja wa baba yake, kama mila yao inavyotaka, na wewe ulikuwepo tulipomrudisha. Mimi niko huku. Kati yetu kuna bara zima. Ninamlilia yeye, na ninamlilia yule msichana wa Peugeot aliyekuwa hajui kwamba anapelekwa kwao.

Usiache kunitumia. Hata video za kuchezacheza, tuma.

Na jambo moja. Santuri ya Osadebe ninayo, nimeifunga kwenye kanga. Ina mkwaruzo karibu na mwisho wa upande wa kwanza, ulioufanya wewe ukiwa na miaka mitatu, ulipouvuta mkono wa gramafoni ukitaka kuonja sindano. Pale inaruka, gitaa linakatika, halafu linaendelea. Baba yako hakuwahi kukubali tununue nyingine. Ukija Desemba niletee sindano mpya, hii imekwisha makali na Tanga nzima nimeuliza hakuna.

Mama yako