Usianze na kompyuta, anza na divisheni

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kijana, aliyepangiwa kazi huko upande wa Songea, aliniandikia WhatsApp: "Shikamoo Madam. Shule yetu imeletewa kompyuta kumi, zote used. Intaneti hakuna. Mimi ni wa Fizikia, somo la kompyuta hatufundishi. Lakini watoto kila siku wananizunguka wanataka kujua. Nianzie wapi?"

Nilimrekodia sauti ya dakika kumi na moja. Baada ya dakika tatu akajibu "asante sana Madam, ubarikiwe", kwa hiyo najua hakuimaliza. Basi naiandika hapa, pamoja na yale niliyomficha.

Mwaka 2016 nilikuwa mwalimu wa Hesabu kwenye shule moja ya kata mkoani Tanga. Tulikuwa na kompyuta 14 za wafadhili. Siku ya kukabidhiwa tuliimba, tulipiga picha na mgeni rasmi, wali ulipikwa. Kesho yake kompyuta zikavikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni, mlango ukatiwa kufuli, ufunguo ukalala kwenye droo ya Mkuu. "Watoto wataziharibu." Zikakaa hivyo zaidi ya mwaka, kwenye joto na unyevu wa pwani, huku panya wakiingia na kutoka bila kuomba ufunguo kwa mtu.

Jinsi nilivyoupata ufunguo sisimulii. Aliyewahi kukaa kwenye vikao vya walimu anajua.

Siku tulipozifungua, kati ya 14 ziliwaka 5. Nyingine zilipiga mlio tu, pii, pii, skrini nyeusi. Nikawa naandaa maneno ya kumwambia Mkuu. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye mjomba wake ni fundi simu, akasema, "Madam, tuifungue." Moyo wangu ulikataa, mdomo ukasema haya. Akachomoa waya wa umeme, akagusa bati la kasha kwanza ili kutoa chaji mwilini, akachomoa RAM, kile kibao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu. Meno yalikuwa yamefubaa. Akaomba raba. Raba ya kufutia penseli! Akayasugua taratibu pande zote mbili, akapuliza, akairudisha mpaka ikalia kap. Tukawasha. Ikawaka.

Sijawahi kusikia kelele kama zile tangu nianze kufundisha. Jioni ile tuliamsha 4 zaidi kwa raba ileile. Saa zake zote zilikuwa zinarudi nyuma miaka kadhaa kila tukizima, mpaka tukanunua zile betri bapa za duara, CR2032, zinazouzwa hata kwa mafundi saa.

Kwa hiyo, mwalimu wangu wa Songea, waache wafungue. Kompyuta mbovu ni somo kuliko nzima. Nzima wataionea huruma wasiiguse.

Sasa niungame. Baada ya mwanzo mzuri hivyo, nilifanya nini? Niliandika ubaoni: "Kompyuta ni nini? Taja sehemu tano za kompyuta." Wiki sita nzima. Klabu yetu ya kompyuta ilianza na watoto 40, wakabaki 9. Nikawalaumu, nikasema watoto wa siku hizi hawana nia. Watoto walikuwa na nia, ila walikuja kutafuta kitu ambacho darasani hakipo, mimi nikawapa darasa la pili baada ya saa za shule.

Kilichoniokoa ni LUKU kuisha. Umeme hakuna, watoto wameshakaa, nikakumbuka mchezo ambao watu wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, waliuweka pamoja na mingine mingi isiyohitaji mashine. Nikakata manila, nikaandika 16, 8, 4, 2, 1, nikasimamisha watoto watano mbele, kila mmoja na kadi yake. Aliyesimama anahesabiwa, aliyechuchumaa hahesabiwi. "Nipeni 19." Wakahangaika, wakabishana, wakabaki wamesimama 16, 2 na 1. "Nipeni 31." Wote wima. "Nipeni 32." Kimya. Binti wa nyuma akasema, "Madam, ongeza mtu." Mtu wa sita, kadi ya 32, sasa tunafika 63. Kompyuta nayo huhesabu hivyohivyo, kwa kuwaka na kuzimika. Hapo wakaelewa kwa nini flashi zinauzwa 8, 16, 32 na si 10, 20, 30, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kujiuliza.

Yule binti wa nyuma hakuja wiki iliyofuata, na wenzake wasichana pia. Klabu ilikuwa saa kumi jioni. Mvulana akichelewa kurudi nyumbani anaulizwa alikuwa wapi; msichana akichelewa, maji hayajachotwa na chakula hakijapikwa. Nilichukua muhula mzima kuliona hilo, na mimi ni mwanamke, nimechota maji hayohayo. Tulipohamisha klabu kwenye kipindi cha michezo cha Jumatano, baadhi walirudi. Wengine hawakurudi. Nikimkumbuka mmoja wao bado inaniuma.

Halafu ikaja divisheni.

Watoto walichoka kuhamisha kushoto kulia paka wa Scratch, ile programu ya watoto ya kujifunzia kuandika programu. Mmoja akauliza kama kompyuta inaweza kupiga divisheni, yaani daraja la matokeo ya Kidato cha Nne. Hakuna mwanafunzi wa Tanzania asiyejua hesabu hiyo: A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, masomo saba yaliyofanya vizuri zaidi. 7 mpaka 17 divisheni ya kwanza, mpaka 21 ya pili, mpaka 25 ya tatu, mpaka 33 ya nne, 34 na 35 ziro. Wakaandika programu kwa Python, lugha ya kuandikia programu, wakaingiza alama zao wenyewe. Darasa zima likaanguka. Binti mwenye B mbili, C nne na D tatu akapewa pointi 28, divisheni ya nne. "Madam, mashine imenifelisha!"

Sikuwaambia kosa liko wapi. Hilo ndilo jambo pekee nililofanya vizuri mwaka ule. Walikaa nalo mpaka Jumatano iliyofuata, ndipo wakagundua kwamba programu ilijumlisha masomo yote tisa. Ilibidi pointi zipangwe kuanzia ndogo, zichukuliwe saba za mwanzo. Yule binti akashuka mpaka 20, divisheni ya pili, akacheza.

Wakaijaribu kwenye matokeo ya mock yaliyobandikwa ubao wa matangazo. Ikaonyesha mwanafunzi mmoja aliyeandikiwa pointi 22 ana 21. Yaani alitakiwa divisheni ya pili, kaandikwa ya tatu. Walirudia mara tatu kwa mkono. Programu ilikuwa sawa. Mimi, kwa kiherehere, nikalisema ofisini mbele za watu. Aliyekokotoa matokeo yale alinyamaza. Wiki mbili baadaye tukaambiwa klabu inawapotezea muda watahiniwa, na ufunguo ukarudi kwenye droo.

Kwa hiyo ushauri mwingine: mtoto akigundua kosa la mkubwa, lipeleke kwa siri, ukiwa umebeba soda. Nilikuwa na haki. Haki haikufungua mlango.

Mambo ya programu ni mepesi, nayataja tu. Scratch ya sasa inataka Windows 10. Kwenye mashine za zamani weka toleo la 1.4. Python 3.4 ndiyo ya mwisho kukubali Windows XP. Kwa kusoma bila intaneti kuna programu za Kolibri na Kiwix. Nenda mjini siku moja, pakua kila kitu kwenye flashi, rudi nayo. Wakati wa likizo, mwenye simu ya Android nyumbani aweke Pydroid, anaandika Python bila bando.

Ila walimu wenzangu, tuache kisingizio cha vifaa. Nimeona maabara zenye kiyoyozi ambamo mtoto haruhusiwi kugusa kitu, na nimeona watoto wakijifunza kwa manila na raba. Tunaogopa nini? Kwamba watatuzidi? Wamekwisha kutuzidi, yule wa raba alinizidi siku ya kwanza. Kaa pembeni, uliza "kwa nini", waache wakosee wiki nzima.

Jana usiku mwalimu wa Songea amenitumia picha. Meza, kasha wazi, mikono ya watoto kama sita, na raba ya pinki imeliwa nusu. Chini ameandika: "Mbili zimewaka, Madam. Ya tatu inalia tu, tunaendelea nayo. Hiyo sauti yako naimalizia leo."