Berlin wakati wa Krismasi: anzeni na mjusi wa Tendaguru, mengine yafuate

Mleta uzi anasema yeye, mkewe na binti yao wa miaka tisa watakuwa Berlin wiki ya Krismasi. Visa zimeshatoka. Anauliza waone nini, wavae nini, na kama ni kweli alivyoambiwa kwamba kwenda Ulaya wakati wa baridi ni kupoteza nauli. Naishi mji huu tangu nilipokuja kusoma, na kila ikifika Desemba huwa nina mgeni kutoka nyumbani, kwa hiyo niruhusuni nijibu kwa kirefu.

Si kupoteza nauli hata kidogo. Ila Berlin ya Desemba ina sharti lake, nalo ni mwanga. Wiki hiyo jua huchomoza kama saa mbili na robo asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Siku nyingi hata halionekani, wingu la kijivu linatanda kutwa nzima. Mtu akiamka saa nne, akanywa chai taratibu hotelini, akatoka saa sita, hana hata saa nne za kuona mji. Kwa hiyo pangeni siku kwa kufuata mwanga: mambo ya nje yaanze saa tatu asubuhi, na ikigonga saa nane mchana muwe mnaelekea ndani. Giza likishaingia ndipo muende kwenye masoko ya Krismasi, maana taa zake zinapendeza usiku.

Kuhusu nguo, joto la Desemba kwa kawaida ni kati ya sifuri na nyuzi tano, na zipo siku chache linaposhuka chini ya sifuri kwa kishindo. Theluji msimuahidi mtoto, kwa sababu Krismasi nyingi hapa ni za manyunyu tu. Kinachotesa ni upepo na unyevu, na miguu ndiyo huanza kulalamika. Wekeni hela kwenye viatu kwanza: soli nene ya mpira yenye meno, ngozi isiyopitisha maji, na nafasi ya kutosha ili soksi ya sufu iingie na vidole viweze kuchezacheza. Raba za kitambaa ziacheni nyumbani. Juu vaeni tabaka tabaka, yaani fulana ya kubana ya mikono mirefu, sweta, halafu koti linalozuia upepo. Ndani ya majumba na treni kuna joto kali, na mwenye koti moja zito juu ya shati atatoka jasho ndani, kisha akitoka nje limgandie mgongoni. Kama mnaishi Dar, piteni kwanza kwenye mitumba ya Karume kabla hamjanunua dukani. Kofia ya kufunika masikio, glavu na skafu mtoto awe navyo bila mjadala. Bebeni pia mafuta mazito ya kujipaka, midomo na mikono hupasuka.

Sasa twende kwenye kuona. Kila orodha mtakayosoma itawapeleka Lango la Brandenburg kwanza. Mimi ushauri wangu kwa Mtanzania ni kwamba asubuhi ya kwanza muende makumbusho ya historia ya asili, Museum für Naturkunde, pale Invalidenstraße. Mnapanda treni ya chini ya ardhi, laini ya U6, mnashuka kituo kiitwacho Naturkundemuseum. Jumatatu wanafunga. Ukumbi wa kwanza tu unapoingia, amesimama yule mjusi wa Tendaguru, mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kule Lindi, ambaye mara kwa mara huzungumzwa bungeni Dodoma.

Kumsoma kwenye magazeti ni jambo jingine na kusimama chini yake ni jambo jingine. Urefu wake ni mita 13.27 kwenda juu. Hakuna mifupa mingine ya dinosaria iliyosimamishwa duniani inayomfikia kwa kimo. Mingi ni mifupa yenyewe, si plasta. Ile ya shingo na mgongo imeigizwa kwa sababu ya asili ni dhaifu mno kuning'inizwa juu, na fuvu lililo juu kule pia ni nakala. Pembeni yake kuna wenzake waliotoka kilima hicho hicho cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa Lindi, akiwemo Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, ambaye watoto humpenda kuliko yule mkubwa.

Niliwahi kumpeleka mama mdogo, mzaliwa wa Lindi. Alisimama karibu na mguu wa mbele, ambao mfupa wake wa juu peke yake una zaidi ya mita mbili, akauangalia kutoka chini hadi juu kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kulisikia kwa mgeni mwingine: "Huu walibeba watu wangapi?" Nikamweleza ninachokijua. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, vita vya Maji Maji vikiwa vimeisha miaka michache tu nyuma na kusini nzima bado ina majeraha ya njaa. Mamia ya watu wa huko ndio walioshika majembe. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani, na wataalamu wenyewe walimtegemea kuliko mtu yeyote katika kuitoa mifupa ardhini bila kuivunja. Ilitolewa zaidi ya tani 200. Reli hapakuwa, gari hapakuwa. Mizigo ilikwenda kichwani na mabegani, kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, kisha wapagazi wakarudi kuchukua mingine. Mama mdogo akakaa kwenye benchi, akawa anaangalia watoto wa shule wa Kijerumani wakipiga kelele kumzunguka yule mjusi. Akasema, "Sasa hawa wanajua kuwa ni wa kwetu?" Ndiyo maana nasema mwende na binti yenu, na mumwambie nyinyi wenyewe kabla hajasoma vibao.

Mchangiaji mmoja hapo juu amesema mtoto atachoshwa na makumbusho. Hayo hayatamchosha, nawahakikishia.

Mkitoka hapo na mwanga bado upo, msiondoke kwenye laini hiyo ya U6. Endeleeni kaskazini mpaka kituo cha Afrikanische Straße, mtaa wa Wedding. Watalii wengi hawafiki huko na hakuna jengo la kupiga picha, ni nyumba za kawaida za wapangaji na miti isiyo na majani. Lakini someni vibao vya barabara: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße, Kongostraße. Vilitundikwa kwa kujivunia makoloni. Kulikuwa na barabara iliyopewa jina kwa heshima ya Carl Peters, yule aliyezunguka Usagara na Uzigua akisainisha machifu mikataba. Wakazi na vikundi vya Waafrika wa Berlin walidai kwa miaka mingi jina hilo libadilishwe, na Agosti 2024 sehemu yake ikaitwa rasmi Maji-Maji-Allee. Miezi tisa hivi kabla, Novemba 2023, Rais wao Frank-Walter Steinmeier alikuwa amesimama Songea akaomba msamaha kwa yale yaliyofanywa na Wajerumani. Nusu saa inatosha pale. Kwangu mimi nusu saa hiyo ina uzito kuliko saa mbili za kupanga foleni kwenye mnara wa televisheni.

Siku ya pili ni ya Ukuta wa Berlin, ule uliougawa mji huu mashariki na magharibi. Kuna ule upande wenye michoro kando ya mto, East Side Gallery, kama kilomita 1.3, unafaa kwa picha. Kuuelewa ukuta wenyewe, nendeni Bernauer Straße, karibu na kituo cha Nordbahnhof. Hapo wameacha kipande kamili, ukuta wa mbele, ukuta wa nyuma na uwanja wa kifo katikati, yaani eneo wazi lililolindwa na askari, na ng'ambo ya barabara kuna mnara mnaopanda bure na kuona yote kutoka juu. Ulijengwa kuanzia 13 Agosti 1961 na ukafunguka 9 Novemba 1989. Baridi yenyewe inasaidia kuelewa, kwa sababu unapata picha ya askari aliyekesha juu ya kibanda usiku wa Januari na ya mtu aliyejaribu kupita chini yake.

Kutoka pale shukeni kwa Brunnenstraße kuelekea Rosenthaler Platz. Mbele ya nyumba namba 193, angalieni chini. Kuna kibamba kidogo cha shaba, sentimita kumi kwa kumi, kimepachikwa kwenye mawe ya njia. Kina jina la Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904. Alikuwa mtoto tu alipoingia na baba yake katika jeshi la askari wa Kijerumani wakati wa Vita vya Kwanza. Mwaka 1929 alikuja Berlin, akadai mshahara wa vita ambao hawakulipwa, akakataliwa. Akabaki, akafanya kazi ya uhudumu, akaigiza kwenye filamu, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Wanazi walimkamata 1941 wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, na huko alifariki Novemba 1944. Mvua na matope ya Desemba huwa vinakiziba kibamba hicho. Mimi hubeba kitambaa nikakifuta, na nawaomba nanyi mfanye hivyo.

Siku ya tatu wekeni yale ya kila mtu. Basi namba 100 linaanzia Zoologischer Garten hadi Alexanderplatz, ni la ghorofa, tiketi ni ile ile ya kawaida ya mjini, na linapita karibu na sehemu nyingi ambazo mabasi ya watalii hutoza hela nyingi kuwaonyesha. Kaeni juu, mbele kabisa. Shukeni Lango la Brandenburg, tembeeni hadi kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, ile yenye nguzo 2,711 za zege, na kwa heshima msimruhusu mtoto kuruka juu yake ingawa mtaona wengine wakifanya hivyo. Kisha ingieni Wilhelmstraße, mtafute namba 92. Kuna kibao cha maelezo tu, jengo lenyewe halipo. Hapo ndipo ulipofanyika ule mkutano wa kuigawa Afrika, kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Walikaa majira haya haya ya baridi. Siku moja baada ya mkutano kufungwa, Kaisari alitia saini hati ya kuilinda mikataba ya Peters, na Tanganyika ikawa imeshauzwa bila yeyote wa kwetu kuwa mezani. Shemeji akisema ana baridi, mwambieni avumilie dakika tano za kusoma hapo.

Makumbusho mengine nitapita haraka. Sanamu ya kichwa cha Nefertiti, malkia wa Misri ya kale, ipo Neues Museum, na chumba chake hawaruhusu kupiga picha. Pergamon limefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023, kwa hiyo msilipange bila kuangalia tovuti yao. Sachsenhausen nako mnaweza kwenda kwa treni ya S1 hadi Oranienburg, kiingilio ni bure, lakini ni uwanja wazi wenye upepo mkali na kwa mtoto wa miaka tisa nisingempeleka.

Masoko ya Krismasi yapo kila kona. La Gendarmenmarkt na la kasri la Charlottenburg ndiyo ninayoyapenda. Mtasikia harufu ya mdalasini na karafuu kabla hamjayaona. Kile kinywaji cha moto kinachonywewa na kila mtu ni mvinyo, lakini kipo cha watoto kisicho na kilevi, ulizeni. Kikombe mnalipia amana, mkikirudisha mnarudishiwa hela yenu. Soseji nyingi ni za nguruwe. Kama mnakula halali, chakula kizuri na cha bei nafuu mtakipata kwa Waturuki na Waarabu wa Neukölln, Kreuzberg na Wedding, na msikiti mkubwa wa Şehitlik upo Columbiadamm.

Jambo linalowakwamisha wageni wengi ni kalenda. Tarehe 24 mchana maduka yanafungwa, tarehe 25 na 26 ni sikukuu na hakuna duka la kawaida lililo wazi, ikifuata Jumapili ndiyo basi tena. Maduka ya ndani ya stesheni kuu hubaki wazi lakini yanajaa. Nunueni mkate, maziwa, matunda na dawa za mtoto tarehe 23. Makumbusho mengi nayo hufungwa tarehe 24. Kama mtabaki hadi mwaka mpya, usiku wa tarehe 31 fataki hurushwa mitaani hovyo, tena kwa wingi wa kutisha. Kaeni ndani na mtoto, dirishani mtaona vya kutosha.

Usafiri: nauli zinafuata kanda tatu, A, B na C; uwanja wa ndege upo ukanda wa C, kwa hiyo tiketi ya kutoka huko ni ya ABC, na mkishakuwa mjini ya AB inatosha. Tiketi ya karatasi lazima igongwe kwenye mashine kabla ya kupanda. Wakaguzi huvaa nguo za kiraia, faini ni euro 60 kwa mtu, na ugeni haukubaliki kama sababu.

La mwisho, na hili lifanyeni leo kabla ya kulala. Kuba ya kioo juu ya jengo la Bunge la Ujerumani ni bure, na hufunguliwa hadi usiku, kwa hiyo giza la saa kumi halina madhara. Lakini ni lazima mjiandikishe mapema kwenye tovuti ya Bunge kwa majina na tarehe za kuzaliwa za wote watatu, na siku hiyo muende na pasipoti. Wiki ya Krismasi nafasi huisha mapema sana. Mkipata tarehe iandikeni hapa, niwaambie siku hiyo mpange nini na nini.