Sanduku la Wasomaji: Filamu Inadaiwa Mchezo, Si Rangi

SWALI: Ndugu mwandishi, utotoni nilikuwa na Optimus Prime, lile lori jekundu linalogeuka roboti, na katuni yake sikuikosa hata siku moja. Juzi mwanangu aliniomba tutazame pamoja filamu ya Transformers ya mwaka 2007, nami nikainuka kitini nimekasirika. Lori limeota pua ndefu na kuchorwa ndimi za moto, kiongozi wangu amepewa midomo, na Bumblebee, aliyekuwa Volkswagen ndogo ya mviringo, amegeuzwa gari la vijana wa mbio. Mwanangu akaniuliza, “Baba, si ni roboti tu?” Je, nina haki ya kukasirika, au uzee umeanza kuniingia vibaya?
*Baba wa mtoto mmoja*

JIBU: Haki unayo, ndugu yangu, ila nahofia umeipeleka kwa mshtakiwa asiyehusika. Hiyo pua ina maelezo yake. Mwongozaji Michael Bay na mafundi wake walishikilia kanuni kwamba roboti asiwe na mwili mkubwa kuliko gari alilotokana nalo, na lori lenye kichwa bapa kama lile la mwaka 1984 lingewapa kiongozi mfupi mno kwa vita walivyokusudia, ndiyo maana wakachagua lori la Kimarekani aina ya Peterbilt, lenye pua. Kuhusu Bumblebee, sehemu kubwa ya Autobots, yaani roboti wema wanaoongozwa na Optimus, katika filamu ile walikuwa magari ya kampuni ya General Motors, na Chevrolet Camaro ya kampuni hiyo ilikuwa njano ya kutosha. Sina la kuwatetea kuhusu ndimi za moto.

Wewe umelalamikia rangi na umbo, mimi nalalamikia jambo lililonyamaziwa na wengi, nalo ni kule kugeuka kwenyewe. Kumbuka ulivyokuwa ukimgeuza yule mdoli. Ulilisimamisha lori wima, ukavuta miguu kutoka nyuma, ukafungua mikono ubavuni, ukachomeka ngumi mbili ndogo za plastiki, kisha ukainua kichwa kilichokuwa kimejificha ndani ya kifua, na kioo cha mbele cha lori kikawa kifua cha shujaa. (Ngumi ya kulia ya mdoli wangu ilipotea mapema, nikamfinyangia nyingine kwa nta ya mshumaa, naye akapigana nayo vita vyake vyote vilivyobaki.) Hatua zile zilikuwa chache na mkono wa mtoto uliweza kuzihifadhi gizani, kwa hiyo hata katika katuni, iliyochorwa haraka na yenye makosa mengi, jicho lilijua mguu umetoka wapi na gurudumu limekwenda wapi. Optimus wa mwaka 2007 aliundwa kwa kompyuta kutokana na vipande zaidi ya 10,000, kazi ambayo kiufundi inastahili kuvuliwa kofia, lakini anapogeuka tunaona chuma kikimwagika kama mchanga na mwisho wake roboti amesimama. Mtoto hawezi kurudi nyumbani akauiga mgeuko ule, na kwangu hilo ndilo kosa. Filamu ilichukua jina, vita na maadui, ikaacha mchezo.

Jambo moja walilihifadhi, na nadhani ndilo lililokuzuia kuondoka kabla ya nusu saa. Sauti ya Optimus katika filamu ile ni ya Peter Cullen, yule yule aliyemsemea katika katuni ya mwaka 1984. Cullen amesimulia mara nyingi kwamba aliijenga sauti hiyo kwa kumfikiria ndugu yake aliyekuwa askari, mtu mwenye nguvu asiyehitaji kupaza sauti. Lori lilibadilishwa kila kitu, lakini lilipofumbua kinywa tu, watu wazima waliokuwa wamekunja mikono kifuani waliifungua.

SWALI: Rafiki yangu anasema Optimus Prime aliuawa mwaka 1986 ili tununuliwe midoli mipya. Mimi siku ile nililia hadi nikakataa kula. Ni kweli kwamba watu wazima walikaa mezani wakapanga jambo kama hilo?
*Aliyelia*

JIBU: Pole, na rafiki yako hakukudanganya. Ila ili uelewe walivyoweza kufanya hivyo bila kujiona wakatili, inabidi turudi nyuma kidogo.

Katuni tulizozipenda hazikuzaa midoli. Midoli ndiyo iliyozizaa. Kampuni ya midoli ya Hasbro ya Marekani ilichukua magari na ndege zinazogeuka kutoka kampuni ya Takara ya Japani, ikawapa kazi waandishi wa Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni, ya kuzitungia majina, tabia, koo mbili na sababu ya kupigana, na mwaka 1984 midoli hiyo na katuni yake ikaingia sokoni kwa pamoja. Mattel, kampuni nyingine ya midoli, ilikwishatangulia na He-Man, mdoli aliyetoka mwaka 1982 na kupata katuni mwaka 1983. Mwishoni mwa miaka ya sitini, huko Marekani, katuni ya magari ya Hot Wheels ilikuwa imelalamikiwa kwa mamlaka ya utangazaji kuwa ni tangazo lililovishwa nguo za hadithi, na mamlaka ikakubaliana na walalamikaji. Kufikia mwaka 1984 upepo ulikuwa umegeuka: mamlaka hiyo hiyo iliondoa ukomo wa muda wa matangazo katika vipindi vya watoto, na mlango ukabaki wazi hadi Bunge la nchi hiyo lilipotunga sheria ya televisheni ya watoto mwaka 1990. Sisi tulikulia katika ile miaka sita.

Sasa fikiria uko ofisini mwaka 1986. Midoli ya mwaka 1984 inaondoka kwenye rafu na mipya inaingia, na wewe unaandaa filamu ya katuni ya kuonyeshwa katika majumba ya sinema. Kwa hesabu za duka, wa zamani waondoke, wapya wapate nafasi. Filamu ikatoka Agosti mwaka huo. Ironhide, Ratchet, Prowl na Brawn, wote wenzake Optimus, wanauawa mapema ndani ya chombo kimoja cha anga, Megatron, kiongozi wa maadui, anageuzwa kuwa mtu mwingine mwenye jina jingine na mdoli mwingine, na Optimus anakufa kitandani akizungukwa na wenzake, wekundu na buluu vikimtoka mwilini hadi akabaki kijivu. Kile kijivu ndicho kilichotuvunja. Katika katuni roboti alikuwa akitobolewa kwa risasi na kesho yake yuko barabarani. Siku ile tulionyeshwa kwa rangi, bila neno, kwamba huyu harudi.

Waandishi wa filamu wamekiri baadaye kwamba hawakujua alichokuwa Optimus kwa watoto, kwa kuwa kwao alikuwa bidhaa iliyokwisha muda wake. Nawaamini. Mtu anayeandika tangazo hatarajii kwamba atakuwa amemwandikia mtoto baba wa pili. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mapema mwaka 1987 Optimus alifufuliwa katika katuni, na filamu nyingine ya Hasbro iliyokuwa njiani, ya wanajeshi wa G.I. Joe, ikarekebishwa haraka. Duke, mmoja wa mashujaa wake, aliyekuwa afe kwa mkuki wa nyoka, akaongezewa sentensi inayosema kwamba amezimia tu, na mwishoni tunaambiwa amepata nafuu. Ukiitazama leo utaona wazi kwamba picha inaonyesha msiba na sauti inakanusha.

Filamu yenyewe iliingiza chini ya dola milioni 6 nchini Marekani, kwa hiyo hata kibiashara tulimlilia Optimus kwa hasara ya pande zote.

SWALI: Mimi nilikuwa mpenzi wa Jem, yule mwanamuziki mwenye hereni za nyota, na filamu yake ya mwaka 2015 ilinitia aibu mbele ya binti yangu. Je, kuna filamu yoyote iliyofaulu kugeuza midoli au katuni ya utotoni, au sisi mashabiki haturidhishwi na lolote?
*Mama Binti*

JIBU: Zipo, dada yangu, na ya kwako kwa kweli ilikuwa msiba. Katuni ya Jem ilisimama juu ya jambo moja ambalo kila mtoto alilielewa, kwamba unagusa hereni, unamwita Synergy, na kompyuta yenye uwezo wa kuchora taswira hewani inakugeuza mtu mwingine. Filamu ilimfanya Synergy kuwa kiroboti kidogo, ikasimulia hadithi ya msichana aliyepata umaarufu mtandaoni, na baada ya wiki mbili ikaondolewa katika majumba ya sinema. Nywele za waridi zilikuwepo. Kile ambacho binti yako angeweza kukicheza sebuleni kwa hereni za kuazima ndicho ambacho hakikuwepo.

Linganisha na The Lego Movie ya mwaka 2014. Tofali za plastiki hazina hadithi, kwa hiyo hakukuwa na shabiki wa kulalamika kwamba shujaa amebadilishwa rangi. Waliotengeneza filamu ile walilazimika kujiuliza mtoto hufanya nini na tofali. Hujenga, hubomoa, huchanganya seti ya meli na seti ya ngome. Wakampa adui gundi. Njama yake yote ni kubandika kila kitu mahali pake milele, na baadaye tunagundua kwamba nyuma ya adui huyo yupo baba mmoja wa kibinadamu katika chumba cha chini ya nyumba, asiyetaka mwanawe aguse alivyovijenga. Yupo pia mwanaanga wa buluu wa miaka ya themanini, na kofia yake imekatika pale pale kidevuni, mahali ambapo kofia zile zilikuwa zikikatikia mikononi mwa watoto. Aliyeuweka ule ufa alikuwa na mdoli huyo, au aliketi karibu sana na mtu aliyekuwa naye.

Barbie ya mwaka 2023 ina jambo la namna hiyo: mwanasesere aliyechezewa kupita kiasi, nywele zimekatwa hovyo, uso umechorwa kwa kalamu, miguu haikai pamoja. Kila aliyewahi kukamata mkasi akiwa na umri wa miaka sita alimtambua kabla hajatajwa jina. Kasa wanne wa Teenage Mutant Ninja Turtles wa mwaka 1990 walipita njia tofauti. Mafundi wa Jim Henson, mtengenezaji mashuhuri wa vikaragosi, waliwashonea mavazi ya mpira, mchezaji mmoja akiwa ndani na mwingine pembeni akiuendesha uso kwa mitambo, na kwa kuwa walikuwa wazito na walishika vitu vya kweli, ulihisi kwamba ungeweza kuwagusa. Walitumia bajeti ya chini ya dola milioni 15 na kukusanya zaidi ya milioni 200.

SWALI: Kelele zetu mashabiki huwa zinasikika?
*Mpiga kelele*

JIBU: Husikika, hasa zikihusu sura. Kionjo cha filamu ya Sonic kilipotoka Aprili 2019, yule kalunguyeye wa michezo ya video alikuwa na meno kama ya binadamu, watu wakachachamaa, na filamu ikaahirishwa hadi Februari 2020 ili achorwe upya. Lakini kusikilizwa si kulipwa. Bumblebee ya mwaka 2018 ilimrudisha Volkswagen wetu na kuwaonyesha wenzake wakiwa na maumbo ya zamani, kama tulivyoomba kwa miaka kumi na moja, na mapato yake hayakufika hata nusu ya yale ya filamu ya tatu ya Transformers ya Bay, ya mwaka 2011. Tuliitaka, kisha wengi wetu hatukwenda kuitazama.

SWALI: Mwanangu ana miaka sita. Nimwonyeshe kwanza katuni ya zamani ya Transformers au filamu mpya?
*Mzazi mpya*

JIBU: Filamu za Bay zisubiri, kwani hazikutengenezwa kwa ajili ya umri huo. Mpe mdoli kwanza, umwachie mezani ukiwa lori, bila karatasi ya maelekezo, na usimsaidie hata akikunja mguu upande usiofaa. Akishaweza kumgeuza bila kutazama, fungua katuni ya mwaka 1984. Ile filamu ya mwaka 1986 iache mpaka atakapoomba mwenyewe, na siku hiyo uketi karibu naye.