Unaanza mazoezi ya nguvu nyumbani? Chukua dumu la maji

Nilipoanza nilikuwa na kilo 86, chumba na sebule ya kupanga Mbagala, na imani kwamba asiyetoka jasho hajafanya kitu. Miezi miwili nilikimbia alfajiri nikiwa nimevaa koti la nailoni. Nikirudi, mizani inaonyesha kilo moja na nusu imeondoka. Jioni, nikishakunywa maji, imerudi yote. Yaliyokuwa yanatoka ni maji tu, mafuta yapo palepale. Nawaandikia ninyi mnaoanza ili msipoteze miezi kama niliyoipoteza mimi.

Mtu akipunguza chakula peke yake, mwili hauli mafuta tu, unakula na misuli pia. Kilo zinashuka, lakini mtu anabaki mlegevu, ngazi mbili tu zinamchosha. Misuli inayotumikishwa haiondoki kirahisi hivyo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu ya misuli mikubwa yote siku 2 au zaidi kwa wiki, mbali na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kama kutembea haraka.

Na si lazima iwe chuma kizito. Uzito mdogo nao unajenga misuli, mradi raundi iishe ukiwa umebakiza mara mbili au tatu tu kabla ya kushindwa kabisa. Hapa ndipo wengi wanakosea. Dada anainua chupa ya nusu lita mara 20 huku anapiga soga, wakati angeweza kufika mara 60. Hiyo bado haijawa kazi. Zile mara tano za mwisho zikuume kidogo na zikupunguze mwendo, ndipo ujue umefika.

Kifaa changu ni dumu, na sijaona kizuri kuliko hicho kwa sisi tunaoishi kwenye vyumba. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo uzito unaupima mwenyewe. Nilianza na dumu la lita 10 nikalijaza lita 4. Nikiweza kulivuta mara 15 kwa raundi tatu, naongeza nusu lita. Jimuni mara nyingi ukiacha uzito mmoja unaruka kilo mbili nzima, bombani unaongeza kikombe. Dumu ambalo halijajaa maji yake yanachezacheza, nawe unalazimika kukaza tumbo ili usiyumbe, kwa hiyo mwanzoni inua taratibu. Mpini unakata vidole, uzungushie kitambaa. Na mfuniko ukaze vizuri, hasa kama sakafu yako ni ya vigae.

Zoezi la kuvuta linafanywa hivi: egemeza mkono mmoja kwenye kiti, inama mgongo ukiwa umenyooka, vuta dumu hadi usawa wa kiuno, lishushe ukihesabu hadi tatu. Huko kushusha polepole ndiko kunakoufanya uzito mdogo uwe mzito. Miguu ifanyishe kazi kwa kukaa kitini na kuinuka bila kushika popote. Ikiwa rahisi, kumbatia dumu kifuani. Kiti cha plastiki kiegemeze ukutani kwanza, maana kinateleza. Pushapu anzia ukutani, baadaye kwenye meza imara, kisha sakafuni. Mimi ilinichukua karibu miezi minne kufika sakafuni, na pushapu yangu ya kwanza ya kweli niliifanya usiku watoto wamelala. Malizia kwa kulala chali, magoti umekunja, ukainua nyonga. Nusu saa inatosha, siku tatu kwa wiki, ukiacha siku moja ya kupumzika katikati.

Dada zangu huniuliza kama watajaa misuli kama wanaume. Hapana. Misuli ya namna ile hutafutwa kwa miaka, na mwili wa mwanamke una homoni ya kiume kidogo sana. Wengine wanataka zoezi la kutoa kitambi peke yake. Halipo. Mafuta hutoka mwili mzima kwa mpangilio wake, hata ukijikunja tumbo mara mia kila siku.

Chakula ndicho kigumu, sitawaficha. Nusu saa ya mazoezi haya kwa mtu wa kilo 80 inaunguza kama kalori 140, karibu sawa na zilizomo kwenye soda moja. Kwa hiyo niliacha soda na vitumbua vya asubuhi, ugali nikaupunguza theluthi, maharage na dagaa nikaongeza. Yai moja lina kama gramu 6 za protini. Misuli inaihitaji hiyo, na njaa nayo inatulia.

Wiki za kwanza mizani inaweza isishuke, hata ikapanda kidogo, kwa sababu misuli iliyoanza kazi huhifadhi maji. Nunua futi ya fundi cherehani, pima kiuno kwenye kitovu kila Jumapili asubuhi kabla ya kula, andika kwenye daftari pamoja na lita za dumu. Mwezi wa kwanza kilo zangu zilikuwa zilezile, kiuno kimepungua sentimita tatu.

Mwenye presha asibane pumzi anapoinua, atoe pumzi wakati wa kunyanyua, na aongee na daktari wake kabla ya kuanza. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, acha papo hapo, utafute matibabu. Ukikosa wiki mbili kwa msiba au homa, usirudie pale ulipoachia. Mwaga lita mbili, fanya raundi mbili badala ya tatu, wiki inayofuata ongeza tena.